Kabla Hujamuuzia Dalali Kigango cha Babu



Mwezi huu nimeulizwa swali moja mara tatu. Wawili waliniandikia WhatsApp usiku. Wa tatu alinisubiri nje ya geti baada ya ibada mpaka wamama wa usafi wakaondoka. Swali lenyewe ni hili: Pasta, mimi nimeokoka. Nyumbani kwetu kuna vigango vya wazee. Kuna mtu anavitaka, na pesa anazo mkononi. Nikimuuzia nimekosa wapi, na mwatuhubiria kila siku kwamba hizo ni sanamu?

Nimeona nijibu hapa, maana wakiuliza watatu kuna wengi wanaowaza kimyakimya. Ujumbe ni mrefu. Kama uko kwenye matatu, usome ukishuka.

Kwanza nieleze kwa ndugu zetu wa bara, ambao kanisani mwetu ni karibu nusu, na wengine wakisikia kigango wanadhani ni kinyago cha kuuzia watalii. Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa kwa kumbukumbu ya mtu aliyekufa. Vingine ni vya kimo cha mtu, vingine vinampita. Kichwa huwa cha duara au bapa, na mwili ni kama ubao mrefu wenye nakshi za pembetatu kutoka shingoni hadi chini. Hachongewi kila mtu. Kwa sisi Wagiriama ni cha marehemu aliyekuwa Gohu, yaani aliyeingia katika chama cha wazee wenye mali na heshima. Wengine huwekewa koma, kijiti kifupi tu. Babu yangu mzaa baba hakuwa na uwezo wa kuingia Gohu, akawekewa koma. Nataja hilo mjue kwamba sitetei mali ya ukoo wangu hapa.

Mara nyingi kigango hakisimamishwi siku ya mazishi. Miaka inapita, kisha marehemu anamjia mtu ndotoni, au maradhi yanaiandama nyumba, ndipo familia inasema mzee anadai kigango chake. Kinachongwa, kinasimamishwa, kinamwagiwa tembo. Na kikishasimama hakihamishwi. Watu wakihama kutafuta mashamba mapya, kigango kinabaki palepale, mvua na mchwa vikimalize taratibu. Shikeni hilo la kubaki, nitalirudia.

Mimi siombi kwa koma. Mpatanishi wetu ni mmoja, Kristo Yesu, na kanisani kwetu hilo halina mjadala. Aliyeokoka na bado anakwenda kumwaga tembo usiku, tuonane ofisini. Lakini vijana hawa hawakuniuliza kuhusu kuomba. Waliniuliza kuhusu kuuza, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Wacha niwaeleze vitu hivi vinakwenda wapi.

Mwaka 1985 mtafiti mmoja aitwaye Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa upande wa Kaloleni, amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake wawili waliofariki. Picha ya kawaida tu. Aliporudi kumpa mzee nakala yake, vigango havikuwepo tena. Vilikuwa vimeibwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Miaka ikapita. Mwaka 1999, Udvardy akiwa kwenye mkutano wa wasomi wa Afrika huko Marekani, mwenzake Linda Giles alikuwa akionyesha picha za vigango vilivyokuwa kwenye mkusanyo wa huko Illinois. Kimoja kikaonekana ukutani, na Udvardy akakijua. Ni kile cha mzee. Cha pili kikapatikana katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi kwa familia, lakini mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Kutoka Kaloleni hadi Illinois. Njia yake wengi hapa Pwani tunaijua. Kijana asiye na kazi anang'oa usiku. Dalali anampa pesa kidogo. Kinaingia duka la vinyago Mombasa, kinafungwa na vingine, kinapanda ndege. Huko kinasafishwa, kinawekewa kitako cha chuma na taa, na bei inakuwa maelfu ya dola. Mamia ya vigango yamefika Marekani kwa njia kama hii, mengine yakapita kwa matajiri na watu wa sinema kabla ya kuishia kwenye makavazi.

Hapa kwetu ukisema mnada, watu wanakumbuka lori lililokuja kubeba sofa na friji ya aliyeshindwa na mkopo. Mnada wa vitu vya kale huko Ulaya na Marekani ni kitu kingine. Watu wamekaa kwa utulivu, wengine wako kwenye simu kutoka nchi nyingine. Kuna kitabu cha picha, kila kitu na namba yake na bei inayokadiriwa. Muuzaji na nyumba ya mnada huwa wamekubaliana kwa siri bei ambayo kitu hakitauzwa chini yake. Nyundo ikigonga, mnunuzi analipa bei ile na juu yake ada ya nyumba ya mnada. Chini ya picha huwa kuna maelezo mafupi ya nani alikuwa nacho kabla. Hapo ndipo mimi hupasoma sana, maana ndipo uongo unapolala. Wanaandika kwamba kimetoka kwenye mkusanyo binafsi, wanataja mji, pengine na mwaka. Orodha inaanzia kwa mtu wa kwanza aliyekinunua. Kabla ya huyo ni kimya. Mjane aliyeamka asubuhi akakuta shimo haandikwi kitabuni.

Na mnielewe, si kila kitu cha kale kilicho mnadani ni cha wizi. Mtu akiuza saa ya babu yake au stempu alizokusanya tangu utotoni, ni mali yake. Ubaya ni pale kitu kinapopata bei kubwa kwa sababu mwenyewe amefutwa.

Wafanyabiashara wengine wamejitetea kwamba vigango vilikuwa vimetupwa porini, kwamba wao waliviokoa visioze. Sasa rudini kwenye lile nililosema mlishike. Kigango huachwa kwa sababu ndiyo desturi yake, kama kaburi linavyoachwa. Wewe uliyezaliwa Kisii ukaja kufanya kazi Mombasa, kaburi la mama yako uliloliacha nyumbani limetupwa? Nikienda nikang'oa jiwe lake nikaliuza kwa sababu nyasi zimeota, nitakuambia nimeliokoa?

Nimekaa sana na jina la Hampton. Chuo kile kilianzishwa mwaka 1868 kuwafundisha watu waliotoka utumwani, watu ambao wazazi wao waliuzwa mnadani, wakakaguliwa meno na misuli, na ambao majina yao ya nyumbani hakuna aliyejali kuyaandika. Halafu ndimo kigango cha mtu wa Kaloleni kikakutwa. Siwalaumu, na walikirudisha. Lakini ninyi mnaopita Kengeleni kila siku kwenda Nyali mnajua kengele ile ilikuwa ya nini. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kanisa la Pwani lina mizizi kwa watu wale. Kwetu sisi neno mnada si jepesi.

Sasa tufungue Biblia. Matendo 19. Paulo yuko Efeso, Neno linafanya kazi, na watu waliokuwa wakifanya uganga wanaleta vitabu vyao na kuvichoma hadharani. Luka anaweka hata hesabu: walipopiga bei, ikafika vipande 50,000 vya fedha. Kila nikifika hapo nasimama. Kumbe walijua thamani yake! Efeso ilikuwa mji wa bandari, wanunuzi hawangekosekana. Wangeweza kuuza, watoe fungu la kumi, na kinachobaki wajengee kanisa, na mhubiri fulani angewaombea baraka juu ya zile pesa. Hawakuuza. Tena vilikuwa vitabu vyao wenyewe, hakuna aliyeingia kwa jirani kubeba vya jirani.

Kisha mlango huohuo unamleta Demetrio mfua fedha, ambaye riziki yake ilikuwa vihekalu vya Artemi, na Injili ilikuwa inamharibia soko. Dalali wa vigango ni wa ukoo wa Demetrio. Yeye hapigani na sanamu, anaishi kwa sanamu. Ukimuuzia, hujabomoa madhabahu yoyote. Umeisafirisha kwa ndege.

Nenda Mwanzo 31. Raheli anaiba miungu ya nyumbani ya Labani, baba yake, anaificha kwenye matandiko ya ngamia na kuikalia. Labani aliabudu sanamu, hilo halifichwi. Lakini hakuna mahali Maandiko yanapomsifu Raheli eti kwa sababu alichoiba kilikuwa sanamu. Halafu soma mlango wa 35. Mwanzoni Yakobo anakusanya miungu migeni ya watu wake, pamoja na pete za masikio, ambazo zina soko popote duniani, na anazifukia zote chini ya mwaloni. Hauzi. Mbele kidogo Raheli yuleyule anafariki njiani akijifungua, na Yakobo, huyohuyo aliyetoka kuzika miungu, anasimamisha nguzo juu ya kaburi la mkewe. Sijengi fundisho la vigango juu ya nguzo ya Raheli, wanatheolojia wa Facebook mnisamehe mapema. Nasema tu kwamba Yakobo alijua tofauti kati ya mungu wa kuzikwa na alama ya mtu aliyezikwa, na alivifanyia kila kimoja kinachokifaa katika mlango mmoja.

Kuna mahubiri ambayo yamewaambia vijana kwamba vigango ni mbao za shetani. Vijana wakasikia nusu. Wakasikia mbao.

Yule wa tatu, wa getini, amenikubalia niseme habari zake bila jina. Ni kijana wa boda hapa Mtwapa, kwao ni upande wa Ganze. Mama yake ana sukari, kidole cha mguu kimekatwa, na bili imebaki. Dalali alikwenda kwao akijifanya ananunua mbuzi, akapiga picha vigango kwa simu, akachagua kimoja. Akaahidi Sh15,000, na papo hapo akamtumia kijana Sh3,000 kwa M-Pesa. Baba yake kijana aliokoka mwaka jana kwenye krusedi na anataka kuvichoma vyote. Baba mkubwa, ambaye ndiye mwenye boma, amesema atakayegusa watajuana. Kijana akapiga hesabu: baba atachoma, na moshi haulipi hospitali. Afadhali niuze. Ukiwa na bili mkononi, hesabu hiyo inaonekana ina akili, na sikumgombeza.

Nilimuuliza tu, hicho ni cha nani? Akasema cha familia. Nikamwambia hapana, hicho kimoja ambacho umepokea pesa zake, ni cha nani? Hakujua.

Tukaenda Jumanne, mimi, yeye na mzee mmoja wa kanisa. Baba mkubwa alinikaribisha mnazi kwa utani, akijua mimi ni mchungaji, kisha akaniangushia dafu. Hakutaka kubishana dini na mimi sikwenda kubishana. Akatupeleka nyuma ya boma. Viko vinne. Cha mwisho kimeinama, mchwa wamekila mpaka kifuani. Mzee akavitaja kutoka kushoto, kila kimoja na mtu wake: huyu alikuwa na ng'ombe wengi, huyu aliitibu mifupa iliyovunjika, watu wakija kutoka Bamba. Alipofika cha tatu, kile alichochagua dalali, akataja jina, na kijana akanigeukia. Ni jina lake yeye. Sisi twarithishana majina ya mababu, na nyinyi wa bara wengi mwafanya vivyo hivyo. Alikuwa amepokea Sh3,000 za jina lake mwenyewe.

Hakusema kitu njia nzima kurudi.

Mambo bado hayajaisha. Baba yake angali anataka kuchoma, na nimemwambia mbele ya wazee: ndugu, kutokwenda kwenye vigango kuomba ni uamuzi wako, wala hakuna atakayekulazimisha. Lakini boma ni la kaka yako, na babu ni wenu wote. Gideoni alibomoa madhabahu ya baba yake kwa agizo la Mungu aliyesema naye. Wewe ukiwasha moto usiku bila ndugu zako, hapo Ganze hutawahi kumhubiria mtu akakusikia. Alinung'unika. Tunaendelea kuongea.

Dalali naye anadai pesa zake au mzigo, anapiga simu saa sita usiku. Kijana ameanza kumrudishia Sh500 kila wiki. Vitu kama hivi vinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Kwa hiyo nilimwambia kijana, akipiga tena mwambie mkutane kwa chifu, huko mtahesabiana vizuri. Alimwambia hivyo. Siku tisa sasa simu haijalia.

Jambo jingine tulilofanya siku ile ni kupiga picha. Nilimwomba baba mkubwa asimame kando ya kila kigango. Akasema ngoja, akaingia ndani, akatoka na shati safi na kofia. Picha nne, na kijana ameandika chini ya kila moja jina la marehemu, la mtoto wake mkubwa, na mahali. Niliwaza vile vigango 30 ambavyo makavazi ya Denver Museum of Nature & Science yalipewa mwaka 1990, na mwaka 2019 vikarudi Kenya. Tulishukuru. Lakini vile vya Kaloleni viliweza kwenda hadi mlangoni kwa wenyewe kwa sababu mtu fulani alikuwa na picha ya mwaka 1985. Kigango kilichong'olewa bila picha wala jina kinafika Nairobi, halafu? Utamwita mtoto wa nani aje amchukue baba yake? Makavazi yetu ya Kitaifa na wenzao wa Ujerumani walipoorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko katika taasisi za ng'ambo walipata zaidi ya 32,000. Vingapi kati ya hivyo vina jina la mtu?

Nimemwahidi baba mkubwa kwamba picha zake hazitawekwa mtandaoni, kwa hiyo msiniombe. Na msiulizane kijana ni nani. Wanaomjua wanyamaze.

Bili ya mama: idara ya akina mama wamebeba sehemu kubwa, Mungu awabariki sana. Imebaki Sh8,400. Aliye na chochote ampe shemasi wa mfuko wa huruma, asinitumie mimi. Jumatano saa kumi na mbili jioni tutakuwa na Mwanzo 35, mlango mzima, na baba wa kijana ameniambia atakuja na maswali yake. Njooni na Biblia ya karatasi, wiki iliyopita stima ilipotea na simu zenu zikazima.